Jiwe Lililotoka Shimoni: Dhana Potofu na Ukweli wa Kulitambua

Sururu ya mchimba kisima ikigonga kitu kinachong'aa, kabla jua halijazama kijiji kizima kitakuwa kimeshakipa jina. Kikiwa cha njano ni dhahabu, kikiwa cheupe ni almasi, kijani ni zumaridi, na kikiwa cha buluu basi ni tanzanaiti, hata kama shimo liko mamia ya kilomita kutoka Mirerani, huko kaskazini mwa Tanzania inakochimbwa tanzanaiti. Majina hayo yote yametolewa kwa shahidi mmoja tu, yaani rangi, naye ndiye shahidi asiyeaminika kuliko wote.

Kwatzi peke yake huonekana nyeupe, angavu kama kioo, ya waridi, ya moshi, na ikiwa ya zambarau huitwa amethisti. Yakuti nyekundu na yakuti ya buluu ni madini yaleyale, korandamu, yaliyotenganishwa na chembe ndogo mno za kromi katika ile nyekundu, na za chuma na titani katika ile ya buluu. Tanzanaiti yenyewe ni funzo zuri: mawe ya buluu yalipopatikana Mirerani mwaka 1967, awali yalidhaniwa kuwa yakuti, kumbe ni madini mengine, zoisaiti, yaliyotiwa rangi na chembe za metali iitwayo vanadi. Isitoshe, sehemu kubwa ya tanzanaiti hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, na huipata buluu yake baada ya kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 500 hivi au zaidi za Selsiasi. Anayetafuta buluu ardhini anaweza kuliruka jiwe lenyewe akaokota kipande cha chupa.

Dhana ya pili ni kwamba kila kinachometameta kwa njano ni dhahabu. Mara nyingi ni pairiti, mchanganyiko wa chuma na salfa, au ni ulanga (maika) uliopata rangi kwa kukaa kwenye udongo. Kuvitenganisha hakuhitaji maabara. Ukiibonyeza dhahabu kwa ncha ya sindano itabonyea kama madini ya risasi, pairiti itavunjika na kuwa unga, na ulanga utabanduka vijigamba. Chukua pia kigae cha sakafu, ugeuze upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, kisha usugue jiwe: dhahabu huacha mstari wa njano, ilhali pairiti huacha mstari mweusi unaoelekea ukijani. Jiwe jeusi likiacha mstari mwekundu wa kutu, kuna uwezekano mkubwa ni hematiti, madini ya chuma.

Wapo wanaoamini kuwa almasi halisi haivunjiki kwa nyundo, na sidhani kama kuna imani nyingine iliyoharibu mawe mengi ya thamani kama hii. Ugumu katika elimu ya madini ni uwezo wa kustahimili kukwaruzwa, wala si kustahimili pigo; almasi ina ugumu wa 10 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, lakini ina njia zake za kupasukia, na pigo moja laweza kuigawa. Vivyo hivyo, jiwe kukwaruza kioo si ushahidi wa almasi, kwa kuwa kwatzi ya kawaida, yenye ugumu wa 7, hukikwaruza bila taabu. Na kulichoma moto jiwe usilolijua ili ulinuse ni hatari tupu, kwani baadhi ya madini yana aseniki na moshi wake ni sumu.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani ya kidijitali ya jikoni, uirudishe kwenye sifuri, kisha uning'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa kikombe. Gramu zitakazosomeka ndizo uzito wa maji yaliyosukumwa; kadiri zinavyokuwa chache kulinganishwa na uzito wa jiwe lenyewe, ndivyo jiwe lilivyo zito kwa ukubwa wake. Jiwe la gramu 200 likiwa kwatzi litasoma karibu 75, tanzanaiti 60, yakuti 50, pairiti 40, na dhahabu tupu itasoma 10 na ushei tu. Kipimo hiki kinadai jiwe la aina moja. Kipande chenye mwamba ulioshikamana nacho kitakupa jibu la mchanganyiko.

Uzito na sumaku navyo vina ngano zake. Jiwe jeusi, zito, linalovuta sumaku huitwa kimondo haraka sana, ingawa magnetiti, madini ya chuma ambayo yamejaa katika miamba yetu, hufanya hivyohivyo. Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, chenye tani zipatazo 16, ni chuma chenye nikeli takriban asilimia 8, na ni nikeli hiyo ambayo mpimaji huitafuta. Ama hiyo inayoitwa zebaki nyekundu, hakuna madini ya thamani ya namna hiyo. Kuna matapeli tu.

Kuhusu umiliki, kuchimba kwenye shamba lako hakulifanyi jiwe kuwa lako. Kwa sheria ya Tanzania madini ni mali ya umma, na anayetaka kuyachimba na kuyauza hana budi kuwa na leseni, hata awe na hati ya ardhi.

Hatimaye kuna imani mpya, kwamba ile mashine ya mkononi ya mionzi-eksi, inayotumika kupima dhahabu, husoma kila kitu. Mashine hiyo husoma elementi zilizo karibu na uso wa jiwe, tena zile nzito. Kaboni ni nyepesi mno kwake. Ukiilenga kwenye almasi, kisha kwenye kipande cha grafaiti, ile kaboni nyeusi na laini inayopatikana Mahenge mkoani Morogoro, zote mbili hazitaonyesha hiyo kaboni iliyozijenga. Kwa mawe ya vito mtu wa kumwendea ni mjemolojia, yaani mtaalamu wa vito, ambaye hupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, na ni afadhali umpelekee kipande kikiwa na udongo wake, pamoja na maelezo ya mahali na kina ulichokitoa.