Jeevanjee, tajiri aliyeubishia ubaguzi kwa hesabu zake mwenyewe

Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba gazeti la The Standard la Kenya lilianzishwa na Mhindi, huwa hawaamini. Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora (Mwislamu wa jamii ya wafanyabiashara wa Kihindi) mzaliwa wa Karachi mwaka 1856, ndiye aliyeanza kulichapisha Mombasa likiitwa African Standard. Mwaka 1905 akaliuza, na wanunuzi, Waingereza wawili, wakaliita East African Standard. Likageuka kuwa sauti ya walowezi, walewale aliokuja kupambana nao.

Kabla ya kufika Mombasa mwaka 1890 alikuwa ameshafanya biashara Australia. Utajiri hasa aliupata kwenye reli ya Uganda, ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, iliyoanza kujengwa 1896: kampuni yake ilipewa kandarasi za kuleta vibarua na kuwalisha. Reli hiyo ilijengwa na Wahindi zaidi ya 31,000, na karibu 2,500 kati yao wakafia huku. Anayemsifu kwa majengo ya mwanzo ya Nairobi aliyoyajenga asiiruke hesabu hiyo.

Mwaka 1906 aliupa mji bustani inayoitwa kwa jina lake hadi leo, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Wengine huona hapo kujipendekeza tu. Mimi naona hoja ya mfanyabiashara: ikiwa sote ni raia wa Malkia mmoja, kwa nini Mzungu auziwe shamba Nyanda za Juu, ardhi yenye rutuba ya Kenya, na Mhindi akataliwe?

Hoja hiyo aliingia nayo kwenye Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Kiti kimoja katikati ya wazungu watupu! Mwaka 1910 akaenda kulalamika London, na huko akaliambia gazeti moja kwamba afadhali nchi hii iunganishwe na India. Ndiyo maana sikubali anapoitwa mpigania uhuru wetu. Alitaka Mhindi alingane na Mzungu. Mkikuyu na Mmasai, wenye ardhi iliyogombaniwa, hawakuwemo kwenye madai yake.

Mwaka 1914 aliongoza chama kipya cha Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikaamua: maslahi ya Waafrika yatatangulia, kwenye karatasi angalau, na Nyanda za Juu zitabaki za wazungu. Jeevanjee alifariki mwaka 1936, mali nyingi ikiwa imeshamponyoka.