Shampuu ya Zambarau Haiondoi Njano: Dhana Potofu Kuhusu Blondi ya Barafu

Wiki iliyopita, kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, mteja aliketi kwenye kiti changu hapa Kampala, akafungua kilemba, kisha akaisimamisha chupa ya shampuu ya zambarau mbele ya kioo kana kwamba ameleta shahidi. Nywele zake, ambazo siku chache nyuma zilikuwa nyeusi tititi, zilikuwa za manjano karibu na ngozi ya kichwa na za rangi ya chungwa bivu kuanzia katikati hadi kwenye ncha. "Nyabo," aliniambia, "nimeziosha kwa hii mara nne na njano imekataa kutoka. Nadhani wameniuzia feki." Niliifungua chupa, nikadondosha tone moja kwenye taulo nyeupe, na doa lililobaki pale lilikuwa la zambarau halisi kabisa. Chupa haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kazi iliyotumwa kuifanya, na kwa kuwa jambo hili nimelieleza kwa mdomo mpaka koo limenikauka, leo naliandika.

Watu wanaamini kwamba njano inayobaki baada ya blichi, yaani dawa ya kuondoa weusi wa nywele, ni aina fulani ya uchafu, na kwamba shampuu ya zambarau ni sabuni kali ya kuutoa. Ukweli ni kwamba shampuu hiyo haitoi chochote kwenye unywele zaidi ya mafuta na vumbi ambavyo hata shampuu ya kawaida ingevitoa. Kinachoitofautisha ni kwamba inaacha kitu: punje za rangi ya zambarau zinazoshika juu ya unywele kwa siku kadhaa. Kwa maneno mengine, hiyo ni rangi iliyotiwa ndani ya sabuni, nayo inafuata kanuni ileile ya mafundi wa rangi wote, kwamba zambarau inakabili njano, buluu inakabili rangi ya chungwa, na kijani kinakabili nyekundu. Rangi mbili zinazokabiliana zikikutana, kila moja inaizima nyingine, na jicho linabaki na rangi isiyoegemea upande wowote. Kwa hiyo utando mwembamba wa zambarau juu ya njano iliyofifia sana unaonekana mweupe wenye ubaridi, na hiyo ndiyo blondi ya barafu inayotamaniwa. Utando huohuo juu ya rangi ya chungwa hauonekani kabisa, au ukizidishwa unaleta kahawia chafu kama maji ya dimbwi la barabarani. Shampuu ya buluu nayo, ambayo sasa naona inauzwa kwa maneno matamu yaleyale, ikiwekwa juu ya rangi ya chungwa inaituliza iwe kahawia nzuri, lakini kahawia haijawahi kuwa blondi. Hakuna shampuu duniani, ya rangi yoyote, inayopandisha nywele hata daraja moja.

Ili mtu aelewe kwa nini ninasisitiza hivi, ni lazima akumbuke safari ambayo unywele mweusi unapitia. Sisi mafundi tunapima weusi na weupe kwa madaraja kuanzia 1, ambalo ni jeusi kabisa, hadi 10, ambalo ni blondi iliyofifia kuliko zote, na wateja wangu wengi wanaanzia daraja la 1 au la 2. Weusi huo unatokana na yumelanini, aina moja ya melanini, yaani rangi ya asili ya nywele, na pamoja nayo ndani ya unywele kuna feomelanini yenye wekundu na unjano. Blichi inaivunja yumelanini kwa wepesi zaidi kuliko feomelanini, ndiyo maana nywele zinapoanza kuiva zinapita kwenye kahawia nyekundu, kisha nyekundu, kisha chungwa kwenye daraja la 6 hivi, kisha dhahabu, kisha njano kwenye la 8, na mwisho njano iliyofifia kwenye la 9 na la 10. Ngazi hizi hazirukwi. Mtu aliyeosha blichi akiwa kwenye chungwa amesimama njiani, na zambarau anayoipaka pale ni sawa na kupiga chokaa kwenye ukuta ambao haujapigwa lipu.

Saluni kwangu kuna ndizi ya bogoya kila siku, na si kwa ajili ya njaa. Ninaimenya, ninaweka upande wa ndani wa ganda kando ya shungi lililotoka kwenye blichi, kisha ninamwita mteja atazame mwenyewe karibu na dirisha, kwa sababu taa za saluni ni waongo. Nywele zikifanana na ule weupe wenye unjano kidogo wa ndani ya ganda, ziko tayari kwa tona, yaani rangi nyepesi inayopakwa juu ili kuizima njano. Zikifanana na upande wa nje wa ganda, hazijafika. Zikifanana na papai lililoiva, hatuna hata haja ya kujadiliana. Wateja wanacheka wakiona ndizi, lakini sijapata kipimo kingine kinachomaliza ubishi kwa haraka namna hii.

Wengine wakishaelewa hapo wanaangukia kosa la upande wa pili, wanasema basi blichi iachwe mpaka nywele ziwe nyeupe zenyewe, na tona isihitajike. Hilo pia haliwezekani, kwa sababu keratini, yaani protini inayoujenga unywele, ina unjano wake wa asili hata melanini ikiisha yote. Anayeendelea kusukuma kupita hapo haondoi rangi tena bali anauyeyusha unywele wenyewe. Ukiulowesha unanyooka kama mpira wa suruali kuukuu, haurudi, na ukichanwa unabaki kwenye kitana. Nyeupe ya barafu haichimbwi kutoka ndani ya unywele. Inapakwa juu ya njano iliyofifia, kwa mkono mwepesi, na ndiyo maana haidumu. Tona nzuri inakaa wiki nne hadi sita ikitunzwa, na inaondoka kidogo kidogo kila unapoosha. Njano inayorejea baada ya hapo haimaanishi kwamba fundi alikudanganya. Ni ile iliyokuwa chini yake siku zote. Hapo ndipo shampuu ya zambarau inapopata kazi yake halali, ya kuirefushia tona maisha. Mimi hushauri mara moja kwa wiki, dakika tatu, kwenye nywele zilizokwisha kulowana. Anayeipaka kwenye nywele kavu na kuiacha huku akipika chakula cha jioni ataamka na ncha za rangi ya urujuani, kwa kuwa ncha zilizochoshwa na blichi hufyonza rangi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mwaka jana bibi harusi mmoja alinijia siku ya Alhamisi, kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wake, ikiwa Jumamosi, nywele zikiwa kwenye daraja la 6 baada ya kujaribu mwenyewe nyumbani. Alitaka barafu. Nilivuta unywele mmoja uliolowa kati ya vidole viwili, ukanyooka kidogo na kurudi kwa uvivu, nikajua kwamba raundi nyingine ya blichi wiki hiyo ingemsimamisha mbele ya wakwe akiwa na vipande vya nywele. Nilimwekea tona yenye msingi wa buluu, tukapata kahawia ya asali iliyotulia, na akaondoka amenuna. Sikuona aibu. Kutoka nyeusi kwenda barafu ni kazi ya miadi miwili, mitatu au zaidi, yenye wiki kadhaa katikati, na fundi anayekuahidi kuimaliza mchana mmoja anapaswa kuulizwa ana mpango gani na nywele zitakazodondoka sakafuni.

Dhana ya pili inahusu namba iliyoandikwa kwenye chupa ya peroksaidi, ile dawa ya maji inayochanganywa na unga wa blichi. Wateja wananunua volumu 40 kule Kikuubo, soko la jumla la hapa Kampala, kwa sababu 40 ni kubwa kuliko 20, kama mtu anayechagua dawa ya kikohozi kwa kutazama ukubwa wa chupa. Volumu 20 ni peroksaidi ya asilimia 6, volumu 30 ni asilimia 9, na volumu 40 ni asilimia 12. Ile kali inaanza kwa kishindo, inayakwangua magamba ya nje ya unywele, inaunguza ngozi ya kichwa, na mara nyingi inakuacha kwenye rangi ya chungwa huku unywele umekwisha kuchoka kabla haujafika kwenye njano. Ya asilimia 6, ikifunikwa vizuri ndani ya foili isikauke, inafika mbali zaidi kwa sababu unaweza kuipa muda. Blichi iliyokauka haifanyi kazi tena, hata ukiiacha mpaka asubuhi. Na kama unajiuliza kwa nini mizizi ya yule mteja wa chupa ilikuwa ya manjano huku chini kukiwa na chungwa, jibu ni joto la kichwa, ambalo linaiharakisha blichi kwenye sentimita moja ya mwanzo. Sehemu hiyo hupakwa mwisho. Hili ni jambo la siku ya kwanza ya mafunzo, na bado ninakuta mafundi wanaanzia kwenye mizizi kama wanaopanda mahindi.

Wapo wanaoamini kwamba nywele zilizopakwa piko au rangi nyeusi ya pakiti zinaweza kufanywa blondi kwa kupaka rangi ya blondi juu yake. Rangi haipandishi rangi. Weusi wa kuongezwa hutoka kwa blichi au kwa dawa maalumu ya kuuondoa, tena hutoka kwa mabakamabaka, na baadhi ya rangi za unga zina chumvi za metali ambazo zikikutana na peroksaidi zinapata moto hadi kuunguza. Kwa hiyo ninakata shungi jembamba nyuma ya sikio, ninalitia blichi kwenye kifuniko cha plastiki, kisha ninaligusa kila baada ya dakika chache. Likipata moto au likitoa mvuke, siku ya mteja imeishia hapo na nywele zake zimesalimika. Anayeficha historia ya nywele zake ili nisimkatalie anajidanganya mwenyewe, kwa maana shungi litasema.

Kuhusu nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha nitakuwa mfupi kwa sababu sina subira. Dawa hiyo inavunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, na blichi inavunja vifungo hivyohivyo. Nywele zetu zilizojipinda tayari ni dhaifu kwenye kila mkunjo. Mteja anayetaka vyote viwili kwenye unywele mmoja ninampa wigi, au ninamwambia aache dawa, zikue nywele mpya kwa takriban sentimita moja kila mwezi, halafu tuonane. Dawa za kuimarisha vifungo zinazochanganywa na blichi zinasaidia kweli, na mimi ninazitumia, lakini hazigeuzi nywele ya kamba kuwa waya.

Na kwa wanaotaka kutumia Jiki badala ya blichi ya nywele: Jiki ni ya kufulia shuka. Inaimumunya protini ya unywele, na ikichanganywa na kitu chenye amonia inatoa gesi inayodhuru mapafu. Limau na jua la adhuhuri havitaufikisha unywele mweusi kokote zaidi ya wekundu kidogo na ukavu mwingi.

Nao wanaoniletea nywele za kusukia za plastiki nizifanye barafu nawarudisha na pakiti zao, kwa sababu rangi ya nyuzi hizo ilitiwa kiwandani ndani ya plastiki yenyewe na blichi haina cha kuvunja humo. Wigi la nywele halisi lenye namba 613 ni jambo jingine. Hilo limekwisha kufikishwa kwenye njano iliyofifia na linahitaji tona tu, na kwa mtu mwenye sherehe Jumamosi hilo ndilo jibu langu la kwanza siku zote. Bibi harusi wangu wa Alhamisi alilikataa. Dada yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisikiliza, alilinunua.

Limebaki suala la maji, ambalo watu hawaliamini hata kidogo. Mteja anaondoka kwangu na barafu safi, anakwenda kijijini kwa wiki mbili, anarudi akiwa na rangi ya shaba na kunilaumu kwa tona ya bei rahisi. Visima vingi vya bomba la mkono nchini vina chuma kingi, kile kinachoacha mstari mwekundu ndani ya jerikeni la njano, na chuma hicho kinajishika kwa urahisi kwenye nywele zilizopauka. Shampuu ya zambarau haiwezi kukitoa. Kinatolewa na shampuu ya kusafisha madini, tena taratibu. Kabla hujafika huko, osha kwa maji ya kisima ikiwa huna mengine, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, mradi hayakupita kwenye bati lenye kutu, na ukipanda boda funga kitambaa, kwa sababu jua letu nalo linaila tona.