Amani ya moyo: Mkristo ana maana gani anaposema anayo?

Mtu amefiwa, au amesimamishwa kazi, au majibu ya hospitali yametoka mabaya. Ukimjulia hali anakujibu, "Nina amani moyoni." Asiyezoea maneno ya kanisani atadhani ama hajatambua uzito wa jambo, ama anajikaza tu mbele za watu. Wanaojikaza wapo, tena wengi. Lakini dhana yenyewe ni nyingine.

Kwa Mkristo, amani ya moyo ni utulivu unaotokana na kumtegemea Mungu hata shida ikiwa haijaondoka. Yesu aliizungumzia usiku ule ule aliokamatwa: "Amani nawaachieni, amani yangu nawapa" (Yohana 14:27). Katika mazungumzo hayo hayo aliwaambia wanafunzi kwamba ulimwenguni watapata dhiki. Anayehubiri kuwa ukiokoka matatizo yamekwisha anatoa ahadi ambayo Yesu hakuitoa.

Maelezo ya namna amani hiyo inavyopatikana yako katika Wafilipi 4:6-7, barua ambayo mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Filipi akiwa kifungoni. Anawaambia wasijisumbue kwa lolote, bali wamjulishe Mungu haja zao kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru. Ndipo amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo na nia zao. Hapo wengi tunasoma haraka mno. Paulo hakusema kwamba ukiomba utapewa ulichoomba. Katika aya hizo mbili, kilichoahidiwa ni moyo kulindwa. Unaweza kuinuka kwenye maombi deni likiwa pale pale na mgonjwa akiwa bado kitandani. Kinachobadilika ni kwamba mzigo huo sasa huubebi peke yako.

Na huko kuzitaja haja ni kuzitaja kweli. Kusema "Bwana, unajua yote" kisha ukanyamaza ni rahisi. Kazi ni kusema, "Naogopa kufa," au "Namkasirikia ndugu yangu kwa alichonifanyia." Zaburi zimejaa maneno ya namna hiyo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini, na ya 88 inafika mwisho ikiwa bado gizani.

Ndiyo maana amani haigombani na machozi. Paulo huyo huyo, sura mbili nyuma, anasimulia jinsi mwenzake Epafrodito alivyougua karibu kufa, na anakiri kwamba angekufa, yeye angepata "huzuni juu ya huzuni". Yesu alilia alipokuwa akielekea kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro, na bustanini Gethsemane aliwaambia wenzake kuwa roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Basi wale wanaomwambia mfiwa "usilie, wewe si una imani?" wanamwongezea mzigo bure. Warumi 12:15 inatuagiza tulie pamoja na waliao, na mara nyingi amani humfikia mtu kwa njia hiyo: mwenzake amekuja, ameketi, hakuhubiri.

Tena haiji kwa siku moja. Paulo anasema alijifunza kuwa radhi na hali aliyo nayo, na kujifunza kuna siku za kushindwa. Leo umetulia, kesho saa nane za usiku uko macho unahesabu ada za shule. Hujapoteza imani. Unaomba tena, maneno yale yale ya jana.

Mwili nao una sehemu yake. Nabii Eliya, akimkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumwua, aliketi chini ya mti uitwao mretemu akamwomba Mungu amtoe roho. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimgusa akamwambia ainuke ale; kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Alipofika mlima Horebu alitoa lalamiko lake mara mbili, na Mungu akampa kazi ya kufanya na Elisha wa kumfuata. Kwa hiyo asiyepata usingizi kwa majuma, au anayetamani kufa, aombe na aende kwa daktari, na amwambie mtu wa karibu leo hii asikae peke yake. Kumeza dawa alizoandikiwa hakupunguzi imani yake hata kidogo.