Mlenda kwenye bomba la maji: kazi unafanya kweli, ila sio pale mnapofikiria

Swali ambalo jumuiya za watumia maji huku kwetu Dodoma wanapenda kutuuliza ni hili, eti tukichuja maji ya mlenda au bamia tukamwaga kwenye tenki, maji yatateleza kwenye bomba na bili ya umeme wa pampu itashuka? Jibu langu ni kwamba sayansi ipo na ni ya kweli kabisa, ila kwenye bomba la maji ya kunywa naomba msimwage kitu.

Mambo haya hayajaanza leo. Mwaka 1948 mtaalamu mmoja wa Uingereza, B. A. Toms, alionesha kwamba ukiweka kiasi kidogo sana cha polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, kwenye kimiminika kinachokwenda kasi ndani ya bomba, msuguano unashuka sana. Mwaka 1979 bomba kubwa la mafuta la Alaska, Marekani, likaanza kutumia kemikali za namna hiyo ili mafuta mengi zaidi yapite bila kuongeza pampu. Hizo ni za kiwandani lakini mimea nayo inazo, kuna guwari inayolimwa sana India, kuna bamia, kuna alovera, na huu mlenda wetu ambao Mgogo hahitaji kufundishwa unavutaje.

Sasa wengi wanadhani ute unapaka bomba kama grisi afu maji yanateleza juu yake. Sivyo. Maji yakienda kasi kwenye bomba hayaendi yamenyooka, yanajizungusha, yanapigana yenyewe kwa yenyewe hasa pale karibu na ukuta wa bomba, na nguvu nyingi ya pampu inaishia kwenye hivyo vizunguzungu. Ute ni minyororo mirefu sana ya sukari iliyoungana, na minyororo hiyo ikikutana na vizunguzungu inavutwa, inanyooka, inavizuia visikue. Nguvu iliyokuwa inapotea inabaki kusukuma maji mbele. Ndo maana maji yakienda polepole ute hausaidii chochote, tena unayafanya mazito na mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Na sio kila kinachonata kinafaa. Gundi ya mgunga tunayo kibao huku kati, Dodoma na Singida, watu wameshaniletea mpaka kwenye mfuko, lakini molekuli zake zina matawi mengi zimejikunja kama kichaka, hazinyooki, kwa hiyo kwa kazi hii ni dhaifu sana. Kinachotakiwa ni mnyororo mrefu ulionyooka.

Ukitaka kujaribu nyumbani inawezekana. Weka pipa juu ya mnara wa simtanki, funga hozi nyembamba ndefu kama mita 20 ishuke mpaka chini, pima dakika za kujaza ndoo kwa maji matupu. Afu loweka bamia zilizokatwa usiku mzima, chuja kwa kitambaa safi mara mbili, changanya na maji mengi mpaka ukigusa usisikie utelezi wa mboga, pima tena kwa kina kilekile cha maji kwenye pipa. Ukiweka nzito ndoo itachelewa badala ya kuwahi, na hapo wengi ndo wanakata tamaa wanasema ni uongo.

Haya, kwa nini nakataa kwenye maji ya kunywa? Kwanza ule ute ni chakula. Klorini inaanza kula ute badala ya kuua vijidudu, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka maji yanapomfikia mtu yabaki na angalau miligramu 0.2 ya klorini kwa lita. Klorini ikiisha bakteria wanakula mlenda wenu wanajenga utando ndani ya bomba, na ukuta wa bomba ukiwa hauko laini tena msuguano unapanda kuliko mwanzo. Pili minyororo inakatika, pangaboi la pampu linaikatakata, kwa hiyo lazima uingize baada ya pampu na mbele huko uingize tena. Tatu kiasi: hata tuseme gramu 100 tu za ute mkavu kwa lita 1,000, kila lita milioni moja inataka kilo 100, na hizo ni kilo za ute, sio za majani. Mlenda wa soko zima la Majengo ungeisha mapema sana, na sisi tungekula ugali na nini?

Wakulima wa zabibu nao wanauliza kuhusu umwagiliaji wa matone. Hapana jamani, vile vitundu vidogo vitaziba.

Pale inapofaa ni kwenye maji yasiyonywewa, yanayokwenda kasi, tena kwa muda mfupi. Mfano mzuri ni zimamoto, New York walijaribu miaka ya 1960 kuelekea 1970 kwa polima ya kiwandani, hozi nyembamba ambayo mtu anapanda nayo ngazi ikatoa maji karibu sawa na ile nene. Hapo naona hata wanafunzi wetu wa uinjinia wana kazi ya kufanya na mimea ya huku.

Nyie wa kamati za maji, kabla ya yote angalieni kama shida yenu ni msuguano kweli. Soma geji ya presha iliyo baada ya valvu inayozuia maji kurudi, yaani upande wa bomba linalopeleka maji, pampu ikiwa imezimwa na bomba limejaa, afu soma tena pampu ikiwa inapiga. Tofauti ndo msuguano, bar 1 ni karibu mita 10. Tuseme imezimwa inasoma bar 8, ikiwaka bar 10, basi msuguano ni mita 20 na zile 80 ni mlima, na mlima haupunguzwi na mlenda. Hata ungekata msuguano kwa asilimia 30 umeokoa mita 6 kati ya 100. Lakini kama kuna kipande cha inchi 2 mmekibana katikati ya njia, mkikiweka cha inchi 3 kwa maji yaleyale msuguano wa kipande hicho unashuka mpaka karibu moja ya saba, na hakihitaji kuchujwa kila asubuhi.