Msihesabu mabeki, tazameni wamesimama wapi

Jumapili timu yetu ya mpira ilifungwa 1-0. Nikakusanya koni, nikabeba mfuko wa vizibao vilivyolowa jasho, nikateremka hadi kijiweni kwetu Mwanga kunywa kahawa yangu kimya kimya. Kikombe hakijanifikia mkononi, mzee mmoja fundi cherehani, shabiki wetu wa kufa na kuzikana, akanigeukia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mabeki watano, mwalimu? Tumepanda daraja ili tukapaki basi, tujazane golini kulinda tu?"

Ni mara ya nne mwezi huu. Mara ya kwanza nilieleza. Mara ya pili nilichora mezani kwa kidole kilicholowekwa kwenye kahawa. Mara ya tatu nilinyamaza, nikaambiwa nimekosa jibu. Hii ya nne naiandika, ili ya tano nimwoneshe mtu simu na niendelee na kahawa yangu.

Kwa msiotufahamu: ni timu ya mtaa, Kigoma mjini, iliyokuwa ligi ya wilaya na sasa iko ligi ya mkoa. Mimi ni kocha msaidizi, leseni yangu ni D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, na pia ndiye ninayerekodi mechi kwa simu nikiwa juu ya meza ya muuza karanga. (Mama, ule mguu wa meza nitakuja kuugongea msumari.) Wilayani tulicheza 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) na tukawafunga watu mpaka tukawaonea huruma. Tulipopanda, mwalimu mkuu akahamia 3-5-2, ambayo tukipoteza mpira inageuka 5-3-2, viungo wawili wa pembeni wakirudi kuwa mabeki. Tangu siku hiyo kila mwenye stuli ni kocha.

Malalamiko madogo niyamalize. Winga wenu kipenzi hakuanza kule Kasulu kwa sababu alikuwa na malaria. Kona fupi hatupigi kwa sababu pale kwenye kona pana shimo. Kipa anapiga mpira mrefu kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia apige mrefu. Tuendelee.

Sasa hili la mabeki watano.

Kupaki basi ni mahali, jamani. Uwanja kamili una urefu wa mita 105, na mstari wa boksi uko mita 16.5 kutoka golini. Mabeki wakisimama juu ya mstari huo na viungo wakiwakalia mapajani, hilo ni basi, hata wakiwa watatu. Wakisimama mita 35 kutoka golini, hilo si basi hata wakiwa sita. Mnakumbuka mechi yetu ya mwisho wilayani, ile iliyotupandisha? Tulikuwa na mabeki wanne, mfumo wenu mnaoulilia. Dakika ishirini za mwisho tulirudi nyuma kiasi kwamba tungeweka mabati juu tungelala humo humo. Hakuna aliyetamka neno basi. Tulikuwa tunaongoza 2-1 na mlikuwa mnaimba.

Mtu wa tano anafanya kazi gani basi? Hapa naomba mtulie, maana ndipo wengi mnaponiacha na kuomba kahawa nyingine.

Upana wa uwanja ni mita 68. Timu ikijikusanya upande ulio na mpira, safu ya nyuma inafunika kama mita 40. Mabeki wanne wanaacha mianya mitatu kati yao: gawanya, kila mwanya ni mita 13 na kitu. Watano wanaacha mianya minne, mita 10 kila mmoja. Mtasema mita tatu ni nini. Mita tatu ni uhai wa beki wa kati. Namba kumi wao, kiungo mchezeshaji, akishuka kuupokea mpira katikati ya safu zetu mbili, kuna anayetakiwa kutoka kumfuata. Ukiwa na mabeki wa kati wawili, mmoja akitoka mwenzake anabaki peke yake na straika, kama mlinzi wa ghala aliyeachiwa funguo na mwizi. Kwa hiyo hatoki. Anarudi kinyumenyume, safu nzima inarudi naye, na mnapata basi mnalolichukia, likiendeshwa na mabeki wanne. Wakiwa watatu kati, wa katikati anatoka kwa kujiamini, kwa sababu anajua wawili wanaziba nyuma yake. Yule wa ziada mnayemwita woga ndiye anayetupa ruhusa ya kwenda mbele kukaba.

Halafu kuna wingbeki, yule wa pembeni anayepanda na kurudi, ambaye mnamhesabu kama beki kwa sababu tu jina lake linaishia na "beki". Kwenye video ya mechi iliyopita, kipindi cha kwanza, wa kwetu wa kushoto alikuwa anapokea mpira ng'ambo ya mstari wa kati karibu kila mara. Huyo ni winga anayerudi nyumbani kulala. Kipindi cha pili anaupokea karibu na boksi letu. Mfumo ni ule ule, mtu ni yule yule, jezi namba ile ile. Kilichobadilika ni mita arobaini, na mita hizo hamzioni kwa sababu mko bize kuhesabu vichwa.

Mzee wangu wa cherehani ni Chelsea damu, jezi yake ya bluu imepauka mpaka inakaribia kuwa ya Manchester City. Nikamuuliza: mzee, msimu wa 2016/17 kocha wenu Conte alichukua ubingwa na mabeki wangapi? Akakoroga kahawa isiyo na sukari. Septemba 2016 Chelsea walipigwa 3-0 na Arsenal wakicheza mabeki wanne. Conte akahamia 3-4-3, wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo, wakamaliza na pointi 93 na magoli 85. Wasipokuwa na mpira walikuwa watano nyuma. Mzee akasema, "Ile ilikuwa tofauti." Tofauti gani, hakusema.

Mkitaka mfano wa waliopanda, upo mzuri kuliko huo. Mwaka 2019 Norwich na Sheffield United walipanda pamoja Ligi Kuu ya Uingereza, Norwich wakiwa mabingwa na Sheffield United wa pili. Norwich waliendelea na mpira wao mzuri uliowapandisha. Waliwafunga hata Manchester City 3-2, dunia ikapiga makofi, kisha wakamaliza mkiani na pointi 21. Sheffield United walikuja na 3-5-2, tena ya ajabu: mabeki wa kati wa pembeni wanampita wingbeki wao na kwenda kupiga krosi. Nafasi ya 9, pointi 54. Walifunga magoli 39 tu na kufungwa 39. Hapo ningeweza kufunga kesi na kutembea kifua mbele. Tatizo ni kwamba msimu uliofuata kocha alikuwa yule yule, Chris Wilder, mfumo ule ule, na wakashuka wakiwa wa mwisho. Wilder aliondoka kabla msimu haujaisha. Kwa hiyo akija mtu kuniambia 3-5-2 ndiyo dawa ya timu iliyopanda, naye nitambishia. Ninachokataa ni kuhukumu mfumo kwa idadi.

Na lile la "aongeze mshambuliaji", ambalo hutoka uwanjani kila ikifika dakika ya 70 kama adhana? Wengi wenu mlikuwepo uwanja wa Lake Tanganyika, hapa hapa Kigoma, Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Goli la pekee alifunga nani? Taddeo Lwanga. Kiungo mkabaji! Kwa kichwa, mpira wa kona. Na Aprili 2024, Mashujaa wetu wa Kigoma walipowatoa Simba kwenye kombe hilo hilo kwa penalti baada ya sare ya 1-1, humu mjini sikusikia hata mtu mmoja akiuliza mabeki walikuwa wangapi. Watu walikuwa wanakumbatiana na wasiowajua.

Sasa nitawapa silaha, maana mnamsema mwalimu kwa kosa ambalo si lake na la kweli mnaliacha. 5-3-2 ina ugonjwa, na uko katikati. Viungo watatu wanatakiwa kufunika upana wote wa mita 68. Wapinzani wakiuhamisha mpira kutoka kulia kwenda kushoto haraka, mara mbili, mara tatu, wale watatu wanakimbia kama watoto wanaofukuza tairi. Beki wa pembeni wa adui anabaki huru, na mastraika wetu wawili hawamfikii. Wingbeki afanyeje? Akitoka, anaacha uwazi nyuma yake. Akibaki, krosi inakuja. Goli la Jumapili lilitoka hapo hapo. Mpira ulihama pande mara mbili, krosi, kichwa, kwisha. Mabeki watano walikuwepo wote. Laiti mzee angeniuliza, "Mwalimu, nani anatakiwa kumfikia yule beki wao wa kulia?", ningemnunulia kahawa na kashata juu. Maana benchi zima tulibishana juu ya hilo safari nzima ya kurudi, na hatujapatana. Mwalimu mkuu anasema ni kazi ya namba nane, kiungo wetu wa kati. Mimi nasema namba nane wetu hana mapafu hayo. Yeye ndiye mkuu.

Lipo lingine ambalo ni gumu kwangu kuliandika. Nimeitazama video ya Jumapili mara nne, nikitafuta ni lini safu yetu ilianza kushuka. Ni kama dakika ya 55. Hakuna aliyeamuru. Mwalimu mkuu anasikika akipiga kelele "pandeni! pandeni!" mpaka sauti inakwaruza. Wanashuka hivyo hivyo, hatua mbili mbili. Nikamuuliza beki wetu wa kati siku ya pili, naye akaniambia, "Mwalimu, nikigeuka nyuma naona pako mbali." Hilo halimo kwenye kozi. Kwenye kozi tunafundishwa kwamba mwenye mpira akibanwa, unapanda. Akiwa huru kichwa juu, unashuka. Hakuna ukurasa unaosema beki aliyekuwa wilayani akikimbizana na straika mwenye kitambi afanyeje akikutana na kijana anayesubiri sekunde sahihi ndipo achomoke.

Na huenda aliyewashusha ni mimi. Wakati wa mapumziko niliwaambia, "Muwe makini na nyuma." Maneno manne tu. Nilimaanisha watazame mkimbiaji. Wao, nadhani, walisikia: rudini. Sijamwambia mwalimu mkuu. Akisoma hapa atajua.

Kuna jambo lingine ninalolishuku bila ushahidi. Kanuni ile ya kushuka mwenye mpira akiwa huru ilitungwa na watu wenye nyasi. Viwanja vyetu vina vumbi, mashimo na kokoto, na mtu akikokota mpira lazima ainamishe kichwa kila mguso, la sivyo mpira utamruka. Kwa hiyo hata akiwa huru, hayuko huru sana: hawezi kutazama mbali na kukokota kwa wakati mmoja. Nahisi mabeki wetu wangeweza kubaki juu sekunde moja au mbili zaidi ya kitabu kinavyosema. Nilimweleza mwalimu mwenzangu wa Ujiji, akacheka, akasema nikajaribu kwenye mechi ya kirafiki kwanza, tena siku asiyokuwepo. Upande mwingine upo upepo wa jioni kutoka ziwani, unaoubeba mpira mrefu mpaka nyuma ya kila mtu. Basi sijui. Nitajaribu.

Tulichoanza nacho Jumanne mazoezini ni kienyeji kabisa. Tulichota majivu kwa mama wa migebuka ya kuchoma, tukapiga mstari kutoka pembeni hadi pembeni, hatua arobaini kutoka golini, tukawaambia mabeki: mpira ukiwa ng'ambo ya mstari wa kati, atakayeonekana nyuma ya majivu anakimbia raundi mbili. Nusu saa ya kwanza walikimbia wote.

Mzee wa cherehani alikuja kutazama, akasimama pembeni usawa wa majivu, mikono nyuma. Baada ya muda akaanza, "We namba nne, panda! Panda, dogo!" Na yule mtoto akapanda. Mwalimu mkuu amekauka koo wiki tatu kwa neno hilo hilo. Tulitazamana tu. Kisha tukamwomba mzee Jumapili asimame hapo hapo, upande wa mabeki, na kipindi cha pili ahame.

Amekubali. Ila alipokuwa anaondoka aliuliza, kwani Jumapili tunaanza na mabeki wangapi?