Yuniti Zikiisha, Waya Haujafa

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya masomo, huwauliza wanafunzi wangu wapya wa ufundi umeme hapa Jinja, Uganda, swali hili: umeitwa kubadilisha breka iliyoungua, unafika, mwenye nyumba anakwambia Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, imeisha tangu jana usiku. Je, utazima mein swichi (swichi kuu) kabla ya kufungua kisanduku cha breka? Wengi hujibu hapana. Kitu kilichokwisha kuzimika, wananiuliza, unakizima tena cha nini?

Ebu tazama Yaka inavyofanya kazi. Katika nyumba nyingi mita yenyewe iko juu ya nguzo au nje ukutani, na ndani kuna kile kikibodi kidogo cha kuingizia namba. Mama amenunua yuniti kwa simu akiwa sokoni, amemtumia mtoto zile tarakimu 20. Mtoto yuko sebuleni, fundi yuko kwenye korido, vidole ndani ya kisanduku. Mtoto ametumwa, naye anatii. Tarakimu ya mwisho ikikubaliwa, volti 240 zinarudi palepale, na hakuna aliyemwonya fundi.

Umeme unapoondoka mtaa mzima hatari ni ileile, tena hapo hata mtoto wa kumlaumu hayupo. Nilipokuwa najifunza kazi chini ya fundi mzee kule Walukuba, umeme uliondoka tukiwa katikati ya kufunga kisanduku. Nikanyoosha mkono niendelee. Mzee akanidaka kifundo cha mkono, akaenda mwenyewe kushusha mein swichi, akaikaza kwa waya isiweze kuinuliwa, ndipo akaniachia. Hatujamaliza skrubu ya pili, taa za majirani zikawaka. Hakunisemesha neno. Aliendelea kukaza skrubu, na mimi nikabaki natazama mkono wangu.

Umeme kuondoka ni jambo moja, na wewe kuutenga ni jambo jingine kabisa. Ulioondoka wenyewe utarudi wenyewe. Uliotengwa ni ule ulioukata kwa mkono wako, ukafunga njia ya kurudi, kisha ukapima ukahakikisha haupo. Mambo hayo matatu yanakwenda pamoja, na moja likikosekana hujatenga chochote.

Tuanze na kukata. Ndani ya kisanduku cha nyumba ya kawaida kuna mein swichi, halafu breka ndogondogo za taa, soketi, jiko na hita ya maji. Mein swichi hukata nyaya zote mbili, wa moto unaoleta umeme na wa nyutro unaourudisha. Breka ndogo hukata waya wa moto peke yake. Kwa hiyo ukizima breka ya soketi tu ukaanza kulegeza nyaya, nyutro bado imeungana na nyumba nzima. Tena katika nyumba zilizotandazwa nyaya kwa haraka, fundi aliyetangulia mara nyingine ameazima nyutro ya taa za chumba kimoja akaitumia kwenye chumba kingine. Ukiifungua nyutro ya namna hiyo taa ikiwa inawaka upande wa pili, ule waya unaoudhani salama unakuwa na moto kamili. Nimekutana pia na nyumba ambako waya wa moto na nyutro vimebadilishana nafasi, breka imekaa kwenye nyutro. Unazima, taa inazimika, na waya bado una moto. Rangi nazo zisikudanganye: nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, za sasa zina kahawia na bluu, na ziko nyumba zilizoongezwa vyumba ambamo utakuta mitindo yote miwili katika kisanduku kimoja. Ndiyo sababu nasema, kazi yoyote ndani ya kisanduku ianze kwa kushusha mein, hata kama unagusa breka moja.

Na hapa naomba msomaji anisikilize sana. Ukishusha mein swichi, upande wake mmoja haujazimika. Zile terminali mbili zinapoingia nyaya kutoka kwenye mita zina moto usiku na mchana, mein iwe juu au chini. Jina lenyewe la mein swichi linawadanganya watu wanaodhani ndiyo mwanzo wa umeme wote. Mwanzo uko kwenye nguzo. Kama kazi ni kubadilisha mein swichi yenyewe, au terminali hizo zimeungua, hakuna swichi ndani ya nyumba yako itakayokusaidia. Lazima umeme ukatwe na wenye njia. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, kwa sehemu kubwa ya nchi wenye njia ni UEDCL, kampuni ya serikali, waliochukua usambazaji baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika. (Wengi wetu bado tunasema "Umeme wamezima" tukimaanisha kampuni.) Wapigie UEDCL, waje wakate, na wakimaliza waache lakiri yao kwenye mita. Kukata lakiri mwenyewe kunavunja sheria, tena mkono unaoikata unaingia mahali pasipo breka yoyote ya kuulinda.

Kisha kuna umeme unaoingia kwa mlango wa nyuma. Siku hizi nyumba nyingi za Kampala, Mbale na hata vijijini zina sola yenye inverta na betri. Inverta nyingi hazijui kwamba wewe umeshusha mein kwa sababu ya kazi. Zinaona umeme umepotea, na kazi yake ni kuurudisha. Utasikia mlio mdogo, tak, na kisanduku kina moto tena, safari hii kutoka chumba cha stoo. Kwa hiyo uliza kabla hujafungua: kuna sola? kuna jenereta? kuna waya unaotoka kwa jirani? Inverta izimwe kwa swichi yake, na waya wake unaokwenda kwenye kisanduku utengwe pia. Ukifungua inverta yenyewe, subiri dakika kadhaa kama maelekezo yake yanavyosema, maana kuna vifaa ndani vinavyohifadhi chaji hata baada ya kuzimwa. Nyaya zinazoshuka kutoka kwenye paneli za paani hubaki na volti muda wote jua linapowaka, kwa sababu jua halina swichi.

Jenereta nayo ina dhambi yake kubwa, ule waya wenye plagi pande zote mbili ambao watu huchomeka kwenye soketi ili nyumba nzima iwake. Plagi moja ikiwa nje ya soketi, pini zake ziko wazi na zina moto. Halafu, kama mein haikushushwa, umeme huo unatoka kwenda kwenye nguzo, unaingia transfoma kinyumenyume, na transfoma inayoshusha volti 11,000 hadi 240 haioni taabu kuzipandisha tena kutoka 240 hadi 11,000. Juu ya nguzo kuna kijana wa watu anayedhani njia imezimwa. Tumia swichi ya kugeuzia iliyofungwa na fundi, ile isiyoweza kuunganisha jenereta na njia ya nje kwa wakati mmoja. Katika hili sina uvumilivu.

Baada ya kukata, funga. Swichi isiyofungwa ni mali ya yeyote anayepita. Nafikiria hasa nyumba zetu za kupanga, zile tunazoziita mizigo, safu ya vyumba sita au kumi vyenye kisanduku kimoja barazani. Mpangaji anarudi kazini jioni, anakuta chumba kina giza, anakwenda barazani, anaona swichi iko chini, anaipandisha. Atamjuaje fundi aliye chumba cha mwisho juu ya kiti? Mein swichi nyingi zina tundu au zinakubali kishikio kidogo cha plastiki cha kutia kufuli. Kufuli liwe na ufunguo mmoja, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi, si kwa mwenye nyumba wala si kwenye msumari ukutani. Mkiwa wawili, kila mmoja atie kufuli lake. Bandika na karatasi: "Usiwashe, mtu anafanya kazi", iandikwe kwa Kiswahili, Kiganda au Lusoga, lugha ambayo wapangaji wa hapo wanaisoma. Kama kisanduku hakiwezi kufungwa, mweke mtu mzima asimame hapo hadi mwisho. Na kile kikibodi cha Yaka kitoe kwa mtoto.

Halafu pima. Hapa ndipo naona mafundi wengi, hata wazoefu, wakipunguza hatua. Ile bisibisi yenye kitaa ndani haitoshi. Kitaa chake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda chini. Ukisimama juu ya ubao mkavu, au kwenye mwanga mkali wa mchana, unaweza usikione kikiwaka ilhali waya una moto. Multimeta ni bora, lakini ikiwa betri imechoka, au kitufe kimeelekezwa pasipo volti za AC, yaani za umeme wa nyumbani, itakuandikia sifuri na utaiamini. Ndiyo maana kipimo hupimwa kwanza. Gusisha ncha mahali unapojua pana moto, uone kinasoma karibu volti 240. Pima pale unapotaka kufanya kazi. Kisha rudi mahali pale pa kwanza penye moto, uone bado kinasoma. Kama katikati hapa kipimo kilikufa, hatua hiyo ya tatu ndiyo itakayokufichulia.

Na usipime mara moja ukaridhika. Pima moto na nyutro, moto na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Kwenye nyumba yenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, vipimo vinafika kumi, na vyote vifanywe. Kipimo kiwe kimeandikwa CAT III, daraja la usalama linalofaa kisanduku cha nyumba, na ncha zake zisiwe na chuma kirefu kilicho wazi. Milimita 4 ni nyingi tayari. Vua pete na saa, kausha mikono, vaa viatu vya soli ya mpira.

Watu huniambia, mwalimu, si kuna breka? Breka imekaa hapo kulinda nyaya zisiungue. Taa ya zamani ya wati 60 hunywa robo ya ampea. Kiasi kidogo kuliko hicho mara ishirini hivi kinatosha kukaza misuli ya mkono hadi ushindwe kuachia waya, na chini ya nusu ya kile cha taa hiyo, kikipita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo. Breka ya ampea 32 haitahisi chochote. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinachoshtuka kwa miliampea 30, ni ulinzi mzuri na natamani kila nyumba iwe nacho, lakini mkono mmoja ukishika moto na mwingine nyutro, kwake wewe ni kama jiko tu.

Akipigwa mtu, usimshike. Zima kwanza, au msukume kwa ufito mkavu wa mbao. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga 999 au 112.

Kama wewe ni mwenye nyumba, ukishajua haya yote bado usifungue kisanduku. Shusha mein, mwite fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, na umwombe akuonyeshe kibali hicho. Fundi wa kweli hakasiriki. Ukimwona anafungua kisanduku bila kupima, mzuie. Nyumba ni yako.

Kazi ikiisha, skrubu zote zikazwe, kifuniko kirudishwe, wote walio nyumbani waambiwe. Anayetoa kufuli ni yule aliyelitia. Breka zote ziwe chini, mein ipande kwanza, kisha breka moja baada ya nyingine, ukisikiliza. Ikiruka mojawapo, iache chini. Usiipandishe mara ya pili hadi ujue kwa nini, na kulijua hilo kunaanza upya na mein swichi ikiwa chini, na kufuli juu yake.