Je, wajua kwa nini bustani ya kunusa na kugusa huinuliwa hadi kiunoni?

Bustani nyingi za Nairobi maua yako chini kabisa, nyasi imekatwa vizuri na kuna kibao cha usikanyage. Macho yanafurahia, sawa, lakini mtu wa kiti cha magurudumu, ama shosho ambaye mgongo haukunjiki tena, ama mtu haoni kabisa, yeye anapata nini hapo? Katiba ya 2010 kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, ila kufika getini na kufikia jani ni vitu viwili tofauti.

Hapo ndio bustani ya hisia inaingia. Mimea inachaguliwa kwa harufu, kwa kuguswa, hata kwa kuonjwa, na udongo unawekwa juu kwenye sanduku. Harufu ya minti ama rozmari imefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta kwenye jani, mpaka uvisugue ndio vipasuke, kwa hivyo mkono usipofika hakuna bustani hapo.

Sasa shida kubwa ni magoti. Fundi ukimwambia tu "jenga sanduku" atakujengea ukuta mpaka chini, halafu mwenye kiti anaegesha kiubavu na kujipinda shingo mchana kutwa. Magoti yanataka nafasi ya karibu sentimita 70 chini ya sanduku, na ukiongeza udongo wa sentimita 30 juu yake ukingo unafika mita moja, yaani mtu amekaa na mikono iko juu karibu na mabega, atachoka kabla hajang'oa gugu hata moja. Ujanja ni kufanya sanduku liwe jembamba pale magoti yanaingia, sentimita 15 hivi, hapo panda dania na minti, kisha kina kiongezeke kwa nyuma ndio upande rozmari. Mkono wa aliyekaa unafika kama sentimita 60, so likifikiwa pande mbili upana usizidi 120. Kibera watu wamelima sukuma kwenye magunia miaka mingi na gunia linamfaa sana aliyesimama, tatizo ni moja tu, goti haliingii chini yake.

Njia nayo usiwekee kokoto, zile gurudumu ndogo za mbele zinazama. Weka kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza njia, juu ya msingi ulioshindiliwa vizuri, haswa kule Embakasi kwenye udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na mteremko usizidi sentimita moja kwenda juu kwa kila 12 za urefu.

Mimea usikimbilie ya kununua ghali. Maigoya ina jani laini ajabu, wazee wa Kiambu walilitumia chooni kabla ya tishu kufika (usicheke, liguse kwanza). Leleshwa inamea yenyewe huko mbuga ya Nairobi, jani lake la kijivu linanukia kafuri na Wamaasai huliweka kwapani. Usiwahi kuweka kariaria hapo, ule mmea wa ua wenye utomvu mweupe kama maziwa, ukiingia machoni ni hospitali, wala yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ni sumu mmea mzima. Na usichanganye harufu zote sanduku moja, pua inachoka haraka.

Kumbuka pia sanduku linakauka upesi kuliko shamba kwa sababu jua na upepo vinalipiga pande zote, kwa hivyo Januari na Februari maji ni karibu kila siku, na matundu ya kutoa maji chini yawepo la sivyo mvua ya Aprili itaozesha mizizi.

Vibandiko vya breli, yale maandishi ya nukta ya wasioona, viwekwe ukingoni, mbele ya mmea wenyewe, vimelala kidogo ili kidole kipite bila kukunja kiganja. Visiwe vya bati. Bati likipigwa na jua la saa nane mchana hakuna mtu atalisoma kwa kidole.